Sufuria Niliyoazima kwa Ajili ya Uyoga

Nakiri mwenyewe, maana Bungoma nzima imeshajua. Sungura wangu walipokufa majirani walinicheka, kwa hivyo uyoga niliamua kuulima kimyakimya. Mbegu zilikuwa zimeshatandaza nyuzi nyeupe kwenye mboji, ukabaki udongo wa kuzifunika. Udongo huo lazima kwanza upikwe kwa mvuke ili wadudu wafe.

Nikaenda kwa Mama Nekesa, anayetunza vyombo vya akina mama wa kanisa, nikaomba sufuria kubwa.

"Ya nini, Baba Wafula?"

"Ni mambo ya nyumbani tu, mama. Nitakueleza."

Sasa, sufuria ile huazimwa kwa harusi au matanga, na harusi hutangazwa kanisani mapema. Isitoshe, mke wangu alikuwa ameenda Kitale kumuuguza mama yake.

Jumamosi nikatia maji, nikapanga juu yake vifuko vya udongo uliochanganywa na chokaa, nikafunika. Moshi haujapanda sana, nikasikia wimbo wa maombolezo langoni. Akina mama kumi na wawili waliingia na unga, sukari na kuni.

Mama Nekesa akanishika mikono yote miwili. "Pole sana, Baba Wafula. Mama mkwe alikuwa mtu mzuri, bana."

Mmoja wao akafunua sufuria aone kama maji ya ugali yamechemka. Wimbo ukakatika.

Mama Nekesa akachungulia, akanigeukia polepole. "Ati huko Kitale siku hizi udongo wa kuzika wanaupika kwanza?"