Msusi aliyefungua kompyuta ili bintiye aendelee kuzungumza

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Saluni ina viti vinne na vyote vina watu. Kwenye kiti cha dirishani, msusi ambaye wateja humwita Mkono Mwepesi anagawa nywele za bibi harusi mtarajiwa kwa mkia wa kitana, mstari baada ya mstari, bila hata kutazama anachofanya. Macho yake yako kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya shampuu.

Simu inatetemeka. Vidole vinasimama katikati ya msuko.

“Ni mtu wa maji tu,” anasema, akishusha pumzi. “Nilidhani ni nyumbani. Nilidhani imezima.”

Anayoihofia ni kompyuta. Iko sebuleni kwake, chini ya meza, na anayeitumia ni bintiye wa miaka kumi na miwili. Wiki tano zilizopita Mkono Mwepesi aliifungua kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku hiyo, anasema, hajapata usingizi wa kueleweka.

Ana miaka thelathini na minane. Kumi na sita kati ya hiyo ameimaliza akiwa amesimama nyuma ya vichwa vya watu. Anamlea binti yake peke yake, katika vyumba viwili vilivyo ghorofa ya tatu.

Msichana ana kigugumizi tangu akiwa na miaka minne. Darasani hujibu kwa kichwa. Akitumwa dukani, huenda na karatasi.

“Si kwamba hajui cha kusema,” mama anaeleza. “Neno linafika mlangoni, halitoki. Na mimi kwa haraka zangu nilikuwa namalizia. Akianza ‘m-m-m’, mimi nishasema ‘maziwa’. Kumbe alitaka mkasi.”

Kompyuta waliinunua miaka miwili iliyopita kutoka kwenye duka la intaneti lililokuwa linafunga biashara. Ilikuwa ya bei ya chini tangu ikiwa mpya. Fundi wa kompyuta mwenye kibanda chini ya saluni, ambaye mtaa mzima unamwita Waya, aliiongezea kadi ndogo ya picha ili iweze kucheza gemu. Msichana akajiunga na timu ya wachezaji watano, kila mmoja akiwa nyumbani kwao, wanaosikilizana kwa hedifoni huku wakikimbizana na maadui katika mji uliobomoka.

Mama hakutilia maanani. Kisha siku moja maji yakakatika saluni, naye akarudi nyumbani mapema. Akiwa bado nje ya mlango, akasikia sauti.

“Wawili kushoto! Nifuateni, msipige mpaka niseme! Haya, sasa!”

“Nikajua tuna mgeni,” anasimulia. “Nikaanza kuwaza nitampa nini mgeni wa watu. Nafungua mlango, ni mwanangu. Peke yake. Ameongea sentensi tatu nzima bila kukwama hata mahali pamoja. Nilibaki pale na mfuko wa nyanya mkononi. Nikalia. Halafu nikaogopa. Anaongea vizuri hivi na nani? Na kwa nini si na mimi?”

Kwa wiki nzima alijifanya anakunja nguo ili asikilize. Wenzake walikuwa watoto: mmoja anakohoa, mwingine anaitwa na bibi yake aende kula kila wanapokaribia kushinda. Walimwita bintiye Kapteni. Mtaalamu wa matamshi hospitalini, aliyemwona msichana mara moja tu, mwaka jana, alimwambia mama asiufunge mlango ambao maneno yanapitia, ila ajue nani yuko upande wa pili. Hakumwahidi muujiza.

Kisha gemu likabadilishwa. Toleo jipya lilikuwa zito, na kompyuta ikaanza kuganda katikati ya mchezo.

“Tukawa na wawili wenye kigugumizi nyumba moja,” anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. Bibi harusi naye anacheka, kisha analalamika kwamba ametikiswa.

Kapteni alikuwa akitoweka wakati timu inamhitaji zaidi. Wenzake walivumilia, wakachoka. Jumanne ya wiki iliyofuata kulikuwa na mashindano, wakamwambia kama mashine yake haitakuwa imepona, watachagua mwingine. Ijumaa ile msichana hakula. Jumamosi alirudia kutikisa kichwa, hata kwa mama yake.

Waya alimtafutia vifaa vilivyotumika: memori kubwa zaidi, diski ya kasi ambayo aliiwekea programu zote pamoja na gemu lenyewe, na kadi ya picha isiyokula umeme mwingi, kwa kuwa kisanduku cha umeme cha mashine ile ni dhaifu. Jumla yake ilikuwa sawa na malipo ya vichwa kumi na vinne. Mkono Mwepesi aliuza drayer yake ya kusimama.

Jumapili jioni Waya akapigiwa simu kwamba baba yake amelazwa. Angerudi Alhamisi.

“Dada, hii kazi utaiweza,” Waya anakumbuka kumwambia, akimkabidhi mfuko. “Memori unaibana mpaka ilie ‘ka’. Kadi vilevile. Diski ni nyaya mbili. Ila feni ya prosesa usiiguse, hiyo nitaisafisha mwenyewe nikirudi.” Ndani ya mfuko alikuwa ametia na kichupa kidogo cha krimu, ile inayopakwa kati ya prosesa, ubongo wa kompyuta, na feni yake ili joto lipite. Cha akiba, alisema.

Jumatatu ni siku ya mapumziko ya saluni. Msichana alipoondoka kwenda shule, mama alitandika shuka jeupe sakafuni, akalaza mashine kwa ubavu. Kufikia saa tano memori ilikuwa imelia “ka”, kadi imekaa, diski imefungwa. Alipaswa kuishia hapo.

“Lakini ile feni!” anasema. “Vumbi limejaa kama zulia. Mimi nasafisha vitana kila baada ya mteja. Ningeiachaje?”

Alifungua vishikizo vinne, akashika feni, akavuta. Haikutoka. Akavuta kwa nguvu. Feni ikaja, na prosesa nayo ikaja, imeng’ang’ania chini yake kama kupe. Krimu ya zamani ilikuwa imekauka ikawa gundi. Alipoibandua prosesa na kuigeuza, aliona vijipini vya dhahabu zaidi ya elfu moja, vyembamba kuliko unywele. Upande mmoja sita vilikuwa vimelala.

Alimpigia Waya, aliyekuwa kwenye korido ya hospitali.

“Umevuta ikiwa baridi?” Waya aliuliza.

“Nimevuta.”

“Ungeiwasha kwanza, Dada. Ipate joto, gundi ilainike, ndipo unaizungusha taratibu.”

Mkono Mwepesi anajipiga paji la uso akisimulia. “Mimi! Mimi ndiye ninayewagombeza wasichana wa saluni kila siku: gundi ya wigi haivutwi kavu, ipashe kwanza! Nilitamani sakafu inimeze.”

Waya alimwambia aiache. Lakini Jumanne ilikuwa kesho. Saa sita na robo msusi aliketi dirishani, akaweka prosesa kwenye kitambaa, akachukua kibanio anachotengenezea nyusi. Kipini cha kwanza kilichukua dakika kumi na mbili. Alikuwa akipumua pembeni, asije akakipuliza. Cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano vilisimama.

Cha sita kilikatika.

“Sikulia,” anasema. “Nilikwenda jikoni, nikanywa maji, nikarudi. Nikakitafuta kwenye kitambaa, kama vile nikikipata nitakirudisha.”

Alipaka krimu mpya, akarudisha kila kitu, akawasha. Feni ilizunguka. Skrini ilibaki nyeusi. Ilikuwa saa nane kasoro, na msichana hufika saa tisa na nusu. Alizima, akawasha. Nyeusi. Alianza kutunga uongo: umeme ulipiga shoti, mwizi ameingia.

Waya alipiga mwenyewe, naye akamweleza yote. “Toa memori zote mbili, ya zamani na mpya. Rudisha ile kubwa peke yake, nafasi ya kwanza. Ikikataa, hamia nafasi ya pili.”

Nafasi ya kwanza ilikataa. Ya pili, baada ya sekunde ambazo msusi anasema zilikuwa ndefu kuliko leba, skrini ikawaka. Kipini kilichokatika kilikuwa kimeua nafasi moja ya memori, basi. Ile kubwa peke yake ilitosha.

Msichana alipofika alikuta shuka limekunjwa na mama anamenya viazi. Mashine iliwaka kabla hajavua viatu. Jumanne Kapteni aliongoza timu yake. Walishindwa raundi ya pili, wakabishana kwa saa nzima kosa lilikuwa la nani, na mama akasikiliza kila neno.

Hakumwambia. Kila feni ikivuma, alisimama. Kila simu ya nyumbani ilimpandisha presha. Wiki tatu baadaye msichana alifungua droo akitafuta wembe wa kuchongea penseli, akaikuta ile memori ya zamani.

“M-m-mama. Hii i-i-ilitoka wapi?”

Mama alimweleza yote, mpaka kipini cha sita. Msichana alimtazama, kisha akaangua kicheko, akavuta kiti. “Keti,” alisema. Akamwekea mkono wa kulia kwenye mausi na wa kushoto kwenye kibodi, naye akasimama nyuma yake.

“Mbele, Mama. Mbele! Siyo huko, jamani, unatazama ukuta! Geuka. Geuka kulia. Jifiche!”

Mama alijificha akiwa ameshauawa. Sauti ilikuwa ileile ya siku ya nyanya, na safari hii ilikuwa sikioni pake. Baada ya hapo msichana alitaka chai, na neno lilikwama. Mama aliuma ulimi, akasubiri mpaka likatoka.

Wiki iliyopita msichana mwenyewe aliomba kurudi kwa mtaalamu wa matamshi. Miadi ni Alhamisi ijayo, saa nne, na mama ameshaomba ruhusa saluni. Waya amesema akipata prosesa nyingine ya aina ile ataibadilisha, lakini hiyo itasubiri.

“Pale mapokezi watamuuliza jina lake,” anasema Mkono Mwepesi, akifunga msuko wa mwisho wa bibi harusi. “Mwaka jana nililitaja mimi, hata hawajamaliza kuuliza. Safari hii nataka nifunge mdomo, hata foleni ikifika barabarani. Na nakuambia kweli, hilo linanitetemesha kuliko vile vipini.”