Nyumba Iliyohamishwa na Mwenyewe Ndani

"Nirudisheni mliponitoa! Sasa hivi, na tembo langu lisimwagike hata tone!"

Manang Perpetua, kwao Manang ni dada mkubwa na Manong ni kaka mkubwa, alibaki chini ya ngazi na sufuria yake ya uji wa mchele na kuku, mdomo wazi kama mlango wa banda. Alikuwa amepanda kufagia, ili mwenye nyumba akirudi akute pameng'aa. Akainua chandarua, akamkuta mwenye nyumba mwenyewe, chali, anakoroma. Alishuka ngazi ile bila kugusa kipago hata kimoja. Walioona wanaapa mpaka leo.

"Manong Dominador, wewe si ulikwenda mjini Pototan kupiganisha majogoo?"

"Nikarudi jana jioni! Jogoo kashinda, nimekunywa, nimelala kwangu. Siku hizi mtu halali kwake? Naamka, nachungulia dirishani, msalaba!"

Wanaume ishirini na wanne wa kanisa wakatazamana. Ni wao walioifunga mianzi mirefu chini ya sakafu asubuhi ile, wakaitia nyumba mabegani pamoja na makuti yake, kutoka ukingo wa mto ulioanza kumeguka hadi uwanja wa kanisa. Njiani walinung'unika: nyumba ya mgane asiye na kitu, uzito huu unatoka wapi? Perpetua, ndiye aliyewaita, akawajibu, "Hizo ni dhambi zake, bebeni!" Walipovuka mfereji nyumba ikainama mpaka vyungu vikaimba, na kuku mmoja akataga yai hewani. Dominador hakugeuza hata ubavu. Pono ana nafuu.

Perpetua ndivyo alivyo. Kusaidia kwake hakubishi hodi. Aliwahi kumwogesha mchuuzi wa sufuria akidhani ni mgonjwa, akamlaza na kumkanda miguu, na yule mchuuzi akaona aibu kukataa. Lakini hili la leo lilimkausha mate. Maana kijiji kizima kilijua kiapo cha Dominador. Miaka kumi na moja nyuma, siku ya kumzika mkewe Soledad, alisema mbele ya watu wote kwamba unyayo wake hautakanyaga ardhi ya kanisa mpaka afe. Na sasa yuko katikati yake, juu ya nguzo, jogoo kwapani.

"Shuka ule uji, Manong."

"Nikishuka nimekanyaga. Mlinileta kwa mabega, mtanirudisha kwa mabega!"

"Pa kukurudisha hapapo," alisema Teofilo, kiongozi wa wabebaji. "Tumeitua hapa, jasho halijakauka, ukingo wote ukaenda na maji. Ulipolala jana, sasa hivi wanaogelea kamba."

"Uongo wa walokole! Mnaitaka roho yangu muihesabu Jumapili!"

"Roho yako nani anaitaka, inanuka tembo!" Perpetua akafyatuka.

Watu wakacheka. Dominador hakucheka. Akainama dirishani, sauti ikashuka, na hiyo ilitisha kuliko kelele.

"Soledad alipolala kwa homa, mlikuja kumi na wawili. Mkaimba nyimbo nne chini ya ngazi yangu hii hii. Mimi nina homa kama yeye, siwezi kusimama. Mtungi wa maji mkavu. Mkamaliza kuimba, mkaenda kula."

Hapo kicheko kikakatika. Perpetua akaiweka sufuria chini.

"Mtungi niliuona," alisema.

"Nini?"

"Niliuona, Manong. Niliugonga kwa kucha, ukalia utupu. Nikasema moyoni, atachota mwingine, mimi ndiye mwenye sauti ya kuanzisha nyimbo. Tangu siku ile sijaimba tena."

Wanawake wa kwaya wakashika vifua. Miaka yote hiyo walidhani koo lake limeharibika! Walikuwa wakimchemshia tangawizi, naye akinywa, akishukuru, akiondoka na ndoo kichwani kwenda kwa mgonjwa mwingine.

"Na unaniambia leo?"

"Ungenikata panga."

"Ningekukata." Dominador akamhamishia jogoo kwapa la pili. "Na bado sishuki. Teofilo! Nyumba ya nani hii?"

"Yako, Manong."

"Basi inueni. Kama mto upo pale, mniweke mtoni."

Na desturi ni desturi: mwenye nyumba akisema inueni, wabebaji huinua. Teofilo akatazama chini, akatemea viganja. Mmoja mmoja wakaingia chini ya mianzi. Perpetua hakuamini macho yake. Akajitupa juu ya mwanzi wa mbele, akaukumbatia kwa mikono na miguu.

"Mnakwenda kumzamisha mtu kwa adabu? Teofilo, mama yako nilimlisha kwa kijiko!"

"Manang, toka, kaamua mwenyewe."

"Sitoki! Nibebeni na mimi!"

"Mbebeni na yeye!" Dominador akapaza sauti.

Nyumba ikanyanyuka shibri moja, Perpetua akaning'inia chini yake kama popo.

Ndipo mwanamke akaingia uwanjani, matope mpaka kiunoni, khanga imemgandia. Alikuwa Rosenda, binti pekee wa Dominador, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Hakutazama nyumba, hakutazama mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya kengele ya kanisa.

"Mpigieni baba kengele ya msiba," alisema. "Nimevuka kumletea samaki. Nyumba hakuna. Ardhi hakuna. Nimepiga mbizi mara tatu, simpati."

Wanaume wakaitua nyumba polepole. Perpetua akauachia mwanzi. Juu yake ngazi ililia, kipago kimoja, cha pili, kisha unyayo wa mzee, mtupu, ukatua kwenye majani.