Homa Niliyoitunga Likizoni Kariakoo

Admin, naomba jina langu lisionekane. Majina ya humu nimeyabadili. Nina miaka tisini na mitatu, nilikuwa mwalimu, na sasa hata kikombe cha chai nashikiwa. Anayebonyeza simu hii ni mjukuu wangu, mimi natamka tu. Ninachotaka kusema nimekificha tangu miaka ya hamsini, kabla nchi haijapata uhuru. Ile homa kali iliyonilaza Kariakoo, ambayo ukoo wa marehemu mke wangu huisomea maulidi kila mwaka kumshukuru Mungu kwa kuniponya, haikuwapo. Nilijisingizia.

Wakati huo nilifundisha Tabora. Nikitoka darasani nilikuwa naandika riwaya, kwa kujifurahisha tu, na ilikuwa imebaki sura ya mwisho. Bwana mmoja mwenye ofisi ya uchapaji karibu na Posta, si mbali na Kariakoo, alinijibu kwamba ataichapa, mradi nimfikishie kazi nzima kabla hajasafiri. Likizo ilipofika, mimi, mke wangu Zuhura na mtoto wetu wa kwanza tukapanda treni kwenda kwao Kariakoo. Zuhura alikwenda kumwona mama yake. Mimi moyoni nilikwenda kumaliza kitabu.

Nyumba ile mkwe hakuachwa peke yake. Walinipa chumba cha mbele, na kila nikifungua wino namsikia mama mkwe uani: "Salumu, mwenzio kakaa kama yatima. Kamzungumze." Salumu ni shemeji yangu, ndugu yake Zuhura, wakati huo alikuwa akiuza nazi sokoni. Anaingia na kahawa, anajinyoosha kwenye kitanda changu.

"Shemeji, bado unaandika tu? Barua za watu wa Tabora haziishi?"

"Si barua. Ni hadithi."

"Basi nisimulie, nikuokolee wino."

Kesho yake napelekwa Ilala kumwamkia shangazi. Keshokutwa Kivukoni kuchagua samaki, kwa kuwa mkwe halishwi samaki asiyemwona. Siku moja nilitoroka na karatasi zangu hadi Mnazi Mmoja, nikapata kivuli. Sijaandika mstari, Salumu huyo, anahema. "Twende nyumbani, bwana mwalimu. Majirani wanauliza tumekukosea nini hata unakula upepo peke yako." Nilirudi nimeuma meno. Likizo inayoyoma, bwana wa uchapaji anafunga mizigo, nami nachekeshwa.

Ndipo nikaona bora niumwe. Nilifikiri mgonjwa hulazwa, mlango ukafungwa, watu wakapita kwa kunyata. Mtu mzima, tena niliyesoma, nikasahau kwamba kwetu mgonjwa ndiye asiyeachwa kabisa. Hata adhuhuri haijafika, chumba kimejaa. Wanawake wa mtaa mzima na uji wao, Baniani wa dukani kaleta ndimu, wazee wamekaa ukutani wanasimuliana homa walizowahi kuugua na nani alikufa kwa ipi. Karatasi nimezilalia. Akaitwa maalimu, akaandika kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji ninywe. Aliyenishikia sahani ni Zuhura. Akaniinamia sikioni: "Umewadanganya wakubwa. Haya, kunywa."

Nikanywa.

Mama mkwe kwa heshima hakuwahi kuvuka mlango wa chumba changu. Jioni ile alikaa juu ya mkeka, nje ya pazia, akasema, "Baba, mimi sina dawa. Nimeweka nadhiri. Ukiinuka, kila mwaka mwezi huu nitakusomea maulidi, na nikifa wanangu watasoma." Hapo ndipo iliponipasa niseme kweli. Nilijibu, "Ahsante, mama."

Aliitimiza mpaka alipofariki, akawausia wanawe. Kila mwaka naketishwa mbele na kofia yangu, na Salumu anasimulia vilevile: "Alikuwa anaweweseka huyu, anataja watu tusiowajua." Walikuwa watu wa riwaya yangu. Nilikuwa nawaita kimoyomoyo wasinikimbie, kumbe midomo inacheza na sauti inatoka. Zuhura hakumwambia mtu. Aliniambia mara moja tu, "Hilo ni lako. Sitakusemea, wala sitakukanusha." Ameondoka nalo.

Kitabu hakikuchapwa. Ndugu za Zuhura walinihurumia, wakisema homa ilimwibia mwalimu kazi yake. Mimi kwa siri niliwachukia kidogo. Miaka yote nimejiambia kwamba wakwe ndio waliokila kitabu changu, kwa uji wao na kahawa yao na kunizungumza kwao.

Sasa maulidi yamekaribia na safari hii naumwa kweli. Salumu, mzee kama mimi, macho yamekwisha, amepiga simu. "Shemeji, nakuja mwenyewe. Nadhiri ya mama ilikuinua mara ya kwanza, itakuinua tena." Wanangu wananiambia ninyamaze, nitawavunja watu moyo bure. Nami naogopa kufa huku naombewa juu ya uongo, na yule kipofu ameshika mkono wangu. Ninyi mnaosoma hapa, wengi wenu ni wajukuu zangu kwa umri, lakini nishaurini. Nimwambie Salumu kabla ubani haujawashwa, au nimwache asome?

Ila msinijibu kabla hamjasikia lililobaki, ambalo hata Zuhura sikumwambia. Siku ya pili baada ya kombe, maalimu aliagiza nipumzike bila kelele. Mama mkwe akahamisha mkeka wake hadi mlango wa barazani, akawarudisha wageni wote. Zuhura akamchukua mtoto kwa shangazi. Salumu alivua viatu ili asinisumbue akipita ukumbini. Tangu asubuhi hadi magharibi hakuingia mtu. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na wino, mlango umefungwa.

Sikuandika hata neno moja. Mwisho wa hadithi ile sikuwa nao.