Kiti cha Kukaimu

Naikumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, maana tumbo lilikuwa linanikata tangu natoka nyumbani Tegeta mpaka nafika kazini. Sikuwa mgonjwa. Ilikuwa hofu, na hofu yangu ilipenda kukaa tumboni. Wengine huwakaa kichwani, wengine magotini. Mimi ilinifanya nivijue vyoo vyote vya chuo kile.

Nilikuwa nakaimu ukuu wa ofisi ya mitihani katika chuo kikuu kimoja hapa hapa Dar es Salaam. Wewe uliyeingia juzi kwenye utawala wa vyuo, kukaimu ndio kwanza unakuonja. Ni kukalia kiti ambacho hujapewa. Lawama zote ni zako, cheo si chako, na kila gari la makamu mkuu wa chuo likipita dirishani unajiuliza kama limembeba atakayekuja kukuinua. Nilikuwa nimekaimu muda mrefu hadi wenzangu wakalisahau hilo neno kaimu. Mimi sikulisahau hata siku moja.

Basi nikajilinda kwa njia tunazozijua watu wa ofisini. Likizo sikuchukua. Koti langu jeusi lilibaki mgongoni mwa kiti hata nikiwa nimekwenda hospitali, ili anayechungulia aseme yupo, katoka kidogo tu. Neno la siri la mfumo wa matokeo sikumpa mtu. Hata Salome, msaidizi wangu, sikumpa. Niseme hasa Salome, kwa sababu alikuwa kijana, mchapakazi, na alikuja na shahada ya pili wakati mimi nilikuwa na moja tu. Akiniuliza jambo la kazi nilimjibu nusu, nusu nyingine nikabaki nayo. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, nami niliishika methali hiyo kwa mikono miwili. Ila kicheko chenyewe ofisini kwangu sikuwahi kukisikia.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeitwa na msajili wa chuo, Mzee Shomari. Alikuwa mtu wa Kinondoni kwa asili, mpole wa sauti, na akikuita "binti yangu" ujue umekwisha. Siku chache nyuma jina langu lilikuwa limependekezwa kwenda Morogoro kusoma shahada ya pili ya utawala, nami nikakataa. Nilisingizia watoto. Ukweli ni kwamba nikiondoka angekaimu Salome, na akishakaa yeye, nani angemwinua?

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Maana nasikia ndio waliokukataza shule."

Nikainamisha kichwa. Akaniacha hivyo hivyo mpaka shingo ikaanza kuuma.

"Unaogopa nini?"

"Naogopa kunyang'anywa kiti, mzee."

"Kipi? Hicho ulichoazimwa?" Akavua miwani. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Muundo wa utumishi unataka mkuu wa ofisi ile awe na shahada ya pili. Huna. Hata ukikilalia, hakiwi chako. Haya, na leo ukianguka hapo barabarani, watoto wa watu watapataje matokeo yao? Nani mwingine anaweza kuufungua huo mfumo?"

Lile swali lilinitisha kuliko mengine yote, kwa sababu nililijua tangu zamani.

"Wewe unamwogopa Salome," akasema, "na sisi tunakuogopa wewe. Mfundishe kazi, kisha nenda kasome."

Mwanangu, mtu akikwambia kwamba ushujaa unakuja kwanza halafu ndipo miguu inatembea, usimsikilize. Miguu yangu ilitembea, hofu ikiwa imenishika mkono njia nzima. Nilipomkabidhi Salome kila kitu, naye alirudi nyuma kidogo.

"Dada, una uhakika? Mie watanisema nimekupindua."

Kumbe naye alikuwa anaogopa. Miaka yote tumekaa chumba kimoja, kila mtu na hofu yake, tukisalimiana vizuri.

Nikaenda Morogoro. Kila simu ikitoka Dar nilijua ndiyo hiyo ya kuniambia kiti kimekwenda. Nilisoma nikiwa natetemeka, nikafanya mitihani nikiwa natetemeka, nikafaulu. Niliporudi, Mzee Shomari alikuwa amestaafu. Msajili mpya alinipokea kwa heshima, akaniambia saa nne asubuhi kwamba Salome amethibitishwa kuwa mkuu wa ofisi ya mitihani, na mimi nitapangiwa kazi nyingine.

Ndilo hilo hasa nililoliogopa miaka yote, na lilinijia kama lilivyo, halikupungua hata kidogo. Nikalia chooni. Saa saba mchana nilikuwa kantini, nakula wali, nikaomba niongezewe maharage.

Nilikaa miezi mingi kwenye meza ya pembeni, na sitakudanganya kwamba haikuuma. Kisha chuo kimoja cha Temeke kikatangaza nafasi ya mkuu wa udahili. Walitaka shahada ya pili, na safari hii nilikuwa nayo. Nikathibitishwa, nikafanya kazi pale mpaka nikastaafu.

Sasa nasikia na wewe umeanza kukaimu, na nasikia umekwepa mafunzo. Nakuogopea, mwanangu. Kabla hujakipenda kiti, uliza muundo wa utumishi unataka nini kwa anayekikalia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ukipewa nafasi ya kusoma, iname, nenda, hata kama unatetemeka. Mfundishe aliye chini yako kazi yote, siyo nusu, maana anayejua nusu atakuangusha nzima. Cheo ni dhamana, kinarudishwa. Kiti unaweza kunyang'anywa, na huenda ukanyang'anywa kweli. Jioni yake utakwenda nyumbani na ulichokisoma, na hicho hakuna barua ya kukitengua.

Mungu akufungulie mlango, na ukifungwa akupe nguvu ya kubisha mwingine. Akuondolee hofu inayokufunga mikono, akuachie kidogo tu ya kukuamsha mapema. Nenda, mwanangu. Nenda na hiyo hofu yako, uende.