Aliyesema Kamata

Televisheni za watu binafsi zilipoingia mjini, Kariakoo nzima iliugua tamthilia. Mimi nilikuwa nachapa kadi za harusi kwenye duka la shemeji yangu, nimekaa chumba cha nyuma na kompyuta. Shoga yangu alikaa mbele, akipokea wateja. Kompyuta ile ilikuwa na kifaa cha kunasa televisheni, kwa hiyo jioni wateja wakipungua alikuja nyuma tukatazama sote.

Jicho alikuwa nalo, siwezi kumnyima. Mimi naweka kidole kwenye kitufe, yeye anamsoma mwigizaji usoni, na chozi likikaribia kudondoka ananiambia, "Kamata." Nabonyeza, picha inaganda. Ukiikuza inakuwa miraba mitupu, kama sakafu ya vigae. Hapo ndipo ilipoanza kazi yangu. Nilipaka rangi juu ya miraba ile kwa mausi, mguso juu ya mguso, mpaka shavu likawa shavu. Kuchora kwa mausi ni kama kuandika kwa kipande cha sabuni, lakini mkono ulizoea. Yeye wakati huo alikuwa anatafuna karanga na kunisimulia umbea wa mtaa. Tulikuwa chanda na pete.

Picha tulizibandika dukani. Siku moja akaniletea habari kwamba mama mmoja anafungua saluni Ilala, anataka kubwa, ya yule binti wa tamthilia anayelia kila siku. Sikulala kwa furaha. Nilitaka jambo moja tu: picha ikiwa ukutani, watu wajue nimeichora mimi.

Desemba ilinikuta nimebakiza mikono ya yule binti. Nasi watu wa Kilimanjaro, Krismasi hatuli mjini. Anayebaki huonekana ana lake. Shemeji akamwachia shoga yangu funguo, maana huyo ni mzaliwa wa Dar, hana pa kusafiri. Nilimwomba asiiguse, nikirudi nitamalizia. Akacheka, akanituma nimsalimie mama.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja saluni kumwambia mwenyewe avumilie kidogo. Picha ilikuwa ukutani. Vidole vya binti vimevimba kama maandazi, na chini limeandikwa jina la shoga yangu. Naye alikuwa hapo hapo, anasukwa.

Nilimuuliza hii ni nini. Akanijibu kwa macho makavu.

"Shoga, bila mimi kusema kamata, ungechora nini?"

Nikasema kwa sauti kwamba picha ni yangu, nimeichora mwenyewe, wamuulize alianzia wapi. Hakubishana. Aliwageukia wale wanawake kwa upole, akawaambia mimi ni mdogo wake wa kazini, amenifundisha yeye kushika mausi, na vijana tukishajua kidogo tunakuwa hivi. Wakatikisa vichwa kwa huruma, huruma ya kumwonea yeye.

Mwenye saluni alikuwa mtu mzima, umri wa mama yangu. Nilishamwamkia, kumjibu nisingeweza.

"Mwanangu," akaniambia, "aliyekufundisha hushindani naye. Mshukuru dada yako."

Kikulacho ki nguoni mwako, tunafundishwa tangu wadogo, ila hakuna aliyenionya kwamba nitatakiwa kukishukuru. Saluni nzima ilikuwa ikinisubiri.

Nikasema, "Asante, dada."

Akaitikia.