Dawa ya Kiini cha Yai

Mimi dawa inayotembea na barafu siiamini upesi. Yule binti wa idara ya mifugo aliyeingia uani kwetu Jang'ombe alifungua sanduku lake baridi, akatoa kichupa cha maji ya manjano, rangi ya kiini cha yai hasa. Vifaranga wangu walikuwa wameanza kuinamisha vichwa na kuharisha nyeupe.

"Gumboro hiyo, maradhi ya kuku," alisema. Akaeleza kwamba kuna kuku wanaochanjwa tena na tena mpaka miili yao inajaa kinga, kinga hiyo inaingia kwenye mayai wanayotaga, nayo ndiyo inayochujwa kutoka kwenye kiini. Ukiwachoma vifaranga dawa hiyo mapema, wagonjwa husaidika na wazima hulindika kwa muda.

"Kwa hivyo kuku wangu anatiwa yai la kuku mwengine?" nikauliza. "Na huyo mwengine wa nani?"

Akacheka. Kicheko chake sikukipenda.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama, ninaishi naye nyumba moja na banda lake liko ubavuni mwa langu. Kuku wale ndio waliomfanya asimwombe mtu hata sabuni, na walikuwa bado wazima. Akakitazama kile kichupa, akamwambia binti, "Mwanangu, toa sumu." Kwetu anayekuletea kinywaji huonja yeye kwanza, ndipo moyo wako utulie.

"Bi mkubwa, hii ya sindano. Hainywewi."

"Umemsikia?" mama mdogo aliniambia. "Mwenyewe anaiogopa!"

Akaingia ndani. Nilidhani kenda kutia chai, kumbe amepitia mlango wa nyuma, kawatia kuku wake tengani na kuwafunika kanga jikoni. Binti alipouliza juu ya banda la pili, akajibiwa halina kitu. Sikumfichua, maana hata mimi sikuwa na hakika. Wangu niliwatoa wachomwe kwa kuwa nilikwisha kuwahesabu maiti.

Kila nikimaliza kusali nilichungulia bandani nikitafuta ubaya. Nikawakuta wanadonoa. Hata hapo nikashuku, labda wangepona wenyewe tu.

Kisha kuku wa mama mdogo wakaanza kuinama. Nikataka kumpigia simu binti, mama mdogo akanikatalia kwa ukali. "Kauleta ugonjwa yeye na sindano zake! Nshasema, hagusi kuku wangu."

Tukawa tunazika kila asubuhi, yeye akilaani, mimi nikichimba. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia vilevile.

Alasiri moja akaja mlangoni kwangu na kuku wake wa mwisho kwenye upindo wa kanga. "Mwite yule mtoto," alisema. "Mwambie simuulizi kitu."

Binti akaja. Mama mdogo alimshika kuku kwa mikono yake mwenyewe, sindano ikaingia kifuani. Baadaye akauliza, macho yake chini:

"Na wale wengine, wangeishi?"

Binti alifunga sanduku lake, kisha akainama kumtazama tena yule mmoja aliyebaki.