Kopo la Maziwa la Kadogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kituo cha Uchindile nikiwa na cheti cha kidato cha nne, sanduku la bati na viatu vipya vilivyonibana vidole. Mkuu wa Kituo, mtu mwembamba asiyepandisha sauti, hakunipa bunduki. Alinipa koleo la kukatia waya, tukaenda kutegua matanzi pembezoni mwa mashamba ya miti. Tanzi la tatu lilikuwa limemnyonga mbawala jike tangu jana yake. Mtoto wake alikuwa bado ananyonya mzoga.

"Mchukue," Mkuu akasema.

"Nitamlisha nini, mkuu?"

"Maziwa. Atakufa, lakini utajifunza."

Alikufa siku ya nne kwa kuhara, kwa sababu nilimpa maziwa ya ng'ombe mazito kama yalivyokamuliwa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo haikuandikwa kwenye barua yangu ya ajira: kulea nyumbani kwangu watoto wa wanyama waliofiwa na mama zao. Kituo hakikuwa na mahali pa kuwatunzia.

Nilipohamishiwa Kisawasawa, Bwana Mifugo wa pale alinifundisha mengi. Alinieleza habari za dang'a, yale maziwa ya njano ya siku za kwanza za kuzaa. Mtoto asiyeyapata hana kinga. Alinionyesha namna ya kumpangusa mtoto chini ya mkia kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kila akimaliza kunyonya. Mama huifanya kazi hiyo kwa ulimi. Asipopanguswa, hapati choo, tumbo linavimba na anakufa. Hata hivyo nilizika wengi. Mke wangu, Mama Eliza, alizoea kuniona na jembe nyuma ya jiko.

"Baba Eliza," aliniambia siku moja, "utabakiza pa kupanda mchicha?"

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ifakara, chini ya Afisa Mfawidhi mwanamke ambaye sote tulimwita Mama Mfawidhi. Hapo ndipo nilipoletewa Kadogo, mtoto jike wa sheshe, yule swala mwekundu wa mbuga za bonde letu. Mama yake alikuwa ameuawa na mbwa karibu na mashamba ya mpunga ya Namawala. Mama Mfawidhi alikuja kumwona, akatoa amri yake.

"Tundika gunia mlangoni mwa banda, utoboe tundu. Chupa ipite hapo. Asikuone uso, asisikie sauti yako. Akizoea watu simwachii porini. Atakwenda kwenye uzio maisha yake yote, na wewe sikupi mwingine."

"Sawa, mama."

Nilitii wiki mbili. Kisha mwalimu jirani akaomba wanafunzi wake wamwone, nami nikaliondoa gunia. Nilikuwa nikikoroga maziwa ya unga kwenye kopo, na Kadogo alishajua mlio wa kijiko. Nikaligonga kopo mara tatu. Akatoka bandani mbio, akavuka ua mzima, akasimama akinisukuma goti kwa pua. Watoto wakapiga makofi. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja kwangu alionyeshwa kopo. Nilipenda kusifiwa, sina neno jingine la kusema.

Kadogo alipokomaa, Mama Mfawidhi alirudi na fomu ya kuachia mnyama. Nilikuwa nimeficha kopo chini ya kitanda.

"Amezoea watu?"

"Hapana, mama. Hata mimi ananikimbia."

"Mama Eliza, ni kweli?"

Mke wangu aliniangalia, kisha akasema, "Mwenye kazi ni yeye, mama."

Nilisaini. Tukamvusha mto, tukamwachia karibu na kundi la sheshe.

Kabla mwezi haujaisha, tukiwa doria, tulifika kwenye dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi. Tulimkuta mvuvi mmoja, Mzee Mbiki, anafukia sheshe jike. Sikio la kushoto lilikuwa na alama niliyoikata mimi mwenyewe kabla ya kumwachia Kadogo.

"Alikuja mwenyewe, afande," Mbiki alisema. "Nilikuwa natoa maji mtumbwini kwa kopo, kopo linagonga ubavu wa mtumbwi. Akatoka kwenye matete mbio, akanijia mpaka hapa, gotini. Mnyama wa porini haji hivyo. Nikajua ana kichaa, ataning'ata. Nikampiga kasia."

"Na nyama?" mwenzangu akauliza.

"Nani ale mnyama mwenye kichaa? Si unaona namfukia?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa naangalia lile kopo lililolala mtumbwini.

Tulimfunga pingu kwa kosa la ujangili. Mahakamani alirudia maneno yaleyale, na watu wakacheka tena. Kisha nikaitwa mimi kama shahidi, nikaapa. Nikaulizwa kama mnyama yule angeweza kumfuata binadamu. Kama ningesema ndiyo, fomu yangu ingekuwa uongo, na kazi ingekwisha. Nikasema hapana. Mzee Mbiki alifungwa. Alipokuwa anatolewa alipita karibu yangu, akaniambia taratibu, "Afande, lakini alikuja."

Sikulea tena. Nilimwambia Mama Mfawidhi kwamba mgongo unauma. Nikastaafu na cheti cha utumishi uliotukuka, kipo sandukuni.

Mwaka huu nilimtafuta Mzee Mbiki. Nilimkuta barazani anashona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule afande."

Nikamweleza kila kitu: gunia, wanafunzi, kopo, fomu, kiapo. Nilipomaliza, aliuweka wavu chini.

"Kwa hiyo alikuwa anaitika kopo."

"Ndiyo, mzee."

"Mama Tatu, mke wangu, alikuwa ananiuliza kila nilipotaja habari hizi: 'Mzee, mbona husemi tu ulikuwa unataka nyama? Tungekusamehe.' Amekufa ananisamehe kosa nisilolifanya." "Mwishowe hata mimi nilianza kusema labda nilimfukuza mwenyewe kwenye matete, sikumbuki vizuri."

Nilimwambia nipo tayari kwenda mahakamani. Akasema mahakama ilishammaliza.

Nyinyi vijana mnaolea watoto wa wanyama siku hizi na kuwapiga picha wakiwa mapajani, mkitaka kujua kazi ilivyokuwa, ilikuwa gunia lile. Mengine yote, dang'a na kitambaa na maji ya uvuguvugu, ni ya kumfikisha mnyama siku ya kuachiwa. Gunia ndilo la kumwokoa baada ya hapo, na linamtaka mlezi akubali kutopendwa. Mimi sikukubali.

Nilipoinuka kuaga, Mzee Mbiki alinionyesha kigoda nikae tena. Akageukia uani, akamwita binti yake aliyekuwa anaosha vyombo.

"Tatu, njoo ukae hapa."

Binti akaja akijipangusa mikono, akanisalimia bila kunijua.

"Haya, afande," mzee akasema. "Anza upya. Usiruke la kopo."